Sianguki tena, dawa zinafanya kazi, lakini moyo umekuwa mzito. Kuna mwenzangu?

FundiSindano aliandika:

Wakuu, salamu. Mimi ni msomaji tu humu, leo naomba nisikilizwe.

Nina kifafa tangu nikiwa darasa la sita. Sasa ni mtu mzima, fundi wa kushona, sijaoa. Miaka mingi nilikuwa naanguka kila mwezi, na kuna nyakati mara mbili kwa wiki moja. Mwaka jana daktari alinitoa taratibu kwenye karbamazepini akaniingiza kwenye levetirasetamu, na tangu hapo sijaanguka. Hata zile dalili za mwanzo zimekoma: lile joto linalopanda kutoka tumboni, na harufu ya kitu kinachoungua ambayo hakuna mwingine anayeisikia.

Nyumbani walifurahi sana, na mimi pia nilifurahi kwa muda. Kisha nikaanza kuamka saa kumi alfajiri, mchovu kuliko nilivyolala. Kukata suti, kazi niliyokuwa naipenda kuliko zote, sasa nakitazama kitambaa kiko mezani, chaki mkononi, na sina hamu hata ya kupiga mstari wa kwanza. Hasira ziko karibu. Mtu akiburuza kiti, damu inachemka.

Sasa kuhusu watu. Siwezi kusema nimetelekezwa, ningekuwa mwongo. Naishi na mama, dada na shemeji. Bafu letu lilitolewa komeo zamani, na nikikaa kimya humo ndani dada anaita, "Uko sawa?" Nikichelewa kujibu anaingia. Simu ikilia mchana ni mama: "Umekunywa dawa?" Nikisema ndiyo, anakata. Marafiki wakienda kuogelea, habari naipata wakisharudi, eti wasinitie majaribuni. Kazini tajiri amenitoa kwenye cherehani ya umeme kwa ajili ya usalama wangu, akanipa kupiga pasi. Naomba anayeelewa anieleze usalama wa kumkabidhi mwenye kifafa pasi ya moto, maana mimi nimeshindwa.

Yaani nina watu wengi wa kunidaka nikianguka, lakini wa kuzungumza naye nikiwa nimesimama sina hata mmoja.

Maswali yangu ni mawili. Huu uzito ni wa kifafa, ni wa dawa, au nimegeuka tu mtu wa kununa? Na watu wanaonipenda nitawaambiaje kwamba ulinzi wao unanichosha, bila kuonekana sina shukrani?

---

Kipanga alijibu:

Mkuu, shukuru Mungu. Kuna wenzako wanaanguka kila siku na hata dawa hawana. Wewe umepona, usitafute tatizo lingine. Fanya mazoezi, lala mapema, punguza mawazo.

---

FundiSindano alijibu:

Asante ndugu. Kulala mapema nalala, shida yangu ni kuamka. Na sijapona, bado nameza vidonge asubuhi na jioni. Lakini umesema kile ambacho kila mtu ananiambia, ndiyo maana nimekuja kuuliza huku.

---

ZamuYaUsiku alijibu:

FundiSindano, pole. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi muda mrefu kliniki ya magonjwa ya mfumo wa fahamu. Siwezi kukupima kwa maandishi, ila haya uliyoyaandika nimeyasikia mara nyingi, na wengi waliyasema wakiwa wameshashika kitasa cha mlango wanatoka. Ndani ya chumba cha daktari tuliulizana kitu kimoja tu: umeanguka mara ngapi?

Duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na karibu mmoja kati ya wanne wao anapambana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Si kwamba wote ni wadhaifu wa moyo. Maisha yenyewe yana sehemu yake: kufichwa, kukosa kazi, kuogopwa. Lakini ubongo nao una sehemu yake. Lile joto la tumboni na ile harufu huwa ni dalili za kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo upande wa sikio, na sehemu hiyohiyo inashughulika na hisia na kumbukumbu. Tena uhusiano unakwenda pande zote mbili, kwa sababu hata mtu aliyeugua sonona kabla ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kupata kifafa kuliko asiyewahi. Kwa hiyo kutoanguka hakumaanishi kila kitu kimekaa sawa. Na kuna tafiti zilizofanywa kwa watu ambao kifafa chao ni kigumu kutibika, zikaonyesha kwamba sonona ilichafua maisha yao kuliko hata idadi ya mara walizoanguka.

Sasa dawa, maana hapa ndipo nilipokaza macho. Levetirasetamu ni dawa nzuri na kwako imefanya kazi, ila inajulikana kwa kuwaletea baadhi ya watu hasira za karibu na moyo kushuka. Kuna upande wa pili ambao watu husahau: karbamazepini uliyoiacha hutumika pia kutuliza hali ya moyo kwa wagonjwa wengine. Inawezekana ilikuwa inakushikilia bila wewe kujua, ikaondoka, na iliyoingia ikasukuma upande mwingine. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema daktari wako anatakiwa kusikia tarehe: dawa ilibadilishwa lini, uzito ulianza lini.

USIACHE DAWA MWENYEWE. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeona watu wakiletwa kifafa kimepanda mfululizo hakikatiki, kisa waliacha vidonge ghafla. Daktari anaweza kushusha kipimo, kubadilisha polepole, au kuacha dawa ilivyo na kutibu sonona kando.

Mwambie pia akuulize yale maswali sita. Ni dodoso fupi lililotungwa kwa ajili ya wenye kifafa, lilichapishwa mwaka 2006. Madodoso ya kawaida ya sonona yanauliza kuhusu uchovu na kusahau, na vidonge vya kifafa peke yake vinaweza kuleta hayo yote. Hili linauliza mambo kama kujiona huna jema unalofanya, au kukosa raha katika kitu chochote, kwa wiki mbili zilizopita. Halichukui hata dakika tano.

Na mimi nikuulize waziwazi, ujibu ukiweza: umewahi kuwaza kwamba bora usingekuwepo?

---

FundiSindano alijibu:

Umenigusa pale pa kitasa. Mimi hata hapo kwenye kitasa sijawahi kusema.

Nijibu swali lako. Kuna alfajiri nawaza ingekuwa nafuu nisingeamka. Kupanga kitu, hapana, sijawahi. Sijawahi kumwambia mtu, na naona ni ajabu kwamba wa kwanza kujua ni watu nisiowajua sura.

---

ZamuYaUsiku alijibu:

Asante kwa kusema. Wazo hilo ni la kupelekwa kwa daktari wiki hii, usisubiri tarehe ya kliniki. Piga simu, waambie "nawaza bora nisingeamka, na natumia dawa ya kifafa". Tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza tahadhari ya mawazo ya kujiua iwekwe kwa dawa za kifafa kwa ujumla, kwa hiyo hakuna daktari wa fani hii atakayeshangaa. Wanaopata mawazo hayo ni wachache, lakini wakiyapata wanatakiwa kusikilizwa mapema. Na leo, kabla hujalala, mwambie mtu mmoja wa hapo nyumbani. Wazo likigeuka kuwa mpango, au ukijiona huwezi kujiamini, nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, usiende peke yako.

---

MamaWatatu alijibu:

Naandika kutoka upande wa dada yako, ndugu yangu. Mume wangu ana kifafa, na mara nyingi humshika usingizini. Tangu usiku wa kwanza nilipoamshwa na kitanda kinatikisika, sikio langu moja halilali. Akigeuka naamka. Akitulia sana, naamka pia.

Nikuambie kilichomo ndani ya "umekunywa dawa?" ya mama yako. Tunaogopa kifo. Kuna kifo cha ghafla kinachowapata watu wenye kifafa, kwa makadirio mtu mzima mmoja kati ya kila 1,000 kwa mwaka, na hatari kubwa iko kwa wale wanaoanguka kwa mitikisiko ya mwili mzima bila kudhibitiwa. Wewe sasa hivi huanguki, hivyo hatari yako imeshuka. Lakini hilo lazima mama aambiwe na mtu anayemwamini. Mimi niliambiwa na daktari wa mume wangu, na nilimwamini kuliko ningemwamini mume wangu mwenyewe, samahani zake.

Tulivyoishia kufanya ni hivi. Alinichukua twende naye kliniki, akamuuliza daktari mbele yangu: katika haya yote anayonilindia mke wangu, yepi ya lazima? Daktari akapita moja moja. Kuoga: mlango usifungwe kwa komeo, ufunguke kwa nje ili akianguka nyuma yake usizuiwe na mwili wake, na aoge amekaa kwenye kigoda. Hayo yakabaki. Kumwita kila baada ya dakika, yakafutwa. Tukatundika kibao kwenye kitasa, kikigeuzwa upande mwekundu hakuna anayeingia isipokuwa amesikia kishindo.

Dawa nazo ziko kwenye kile kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kipo kwenye rafu ya wazi pale wote tunapopita. Chumba cha leo kikiwa kitupu, nimepata jibu langu na sijamuuliza mtu. Huwezi kuamini ugomvi kiasi gani uliondoka na kile kisanduku! Ghafla tulijikuta jioni tunakosa la kuongea, maana mazungumzo yetu yote yalikuwa kifafa. Ilituchukua muda kuzoea.

Kuhusu shukrani: usianze na "mnanichosha". Anza na unachotaka. Sisi walinzi ukituambia tuache tunaona tumefukuzwa, ila ukitupa kazi nyingine tunaishika. Mwambie dada, "Badala ya kuniuliza dawa, niulize nimeshindaje."

---

MtuWaPembeni alijibu:

Nimesoma yote. Nina kifafa tangu utotoni, sasa nina mvi.

Kipanga amekwambia umepona. Kwa madaktari wa kifafa wa kimataifa, tangu mwaka 2014, kifafa huhesabiwa kimekwisha kama mtu amekaa miaka 10 bila kushikwa, na mitano ya mwisho bila dawa. Hujafika huko, na si lazima ufike ndipo uishi. Ila ukitulia tu, watu wanakuhesabu mzima, na wewe mwenyewe unaanza kujidai deni: mbona sijaoa, mbona sina karakana yangu, kisingizio sasa ni kipi? Hali hii imeandikwa sana kwa waliofanyiwa upasuaji wa ubongo wakaacha kuanguka. Watu wanategemea waruke kwa furaha, na baadhi yao ndio kwanza wanaanza kuzama. Mimi sikufanyiwa upasuaji, dawa tu zilinikubali ukubwani, na nilizama vilevile.

Kazini. Usibishane na tajiri kwa mdomo. Omba barua kwa daktari inayotaja kazi unazoweza kufanya, zipi zinahitaji tahadhari na zipi uziache kwa sasa. Bosi akiwa hana karatasi anafuata hofu yake, na hofu ndiyo iliyokupa pasi. Daktari anaweza kusema cherehani yenye kinga ya sindano na kiti chenye mikono ni sawa, lakini pasi na mkasi mkubwa wa umeme subiri. Pia anaweza kusema kinyume. Vyovyote vile, utakuwa na kitu cha kuonyesha.

Kuhusu mtu wa kuongea naye. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Uingereza, Graham Scambler na Anthony Hopkins, waliandika kwamba kwa watu wenye kifafa waliozungumza nao, hofu ya kubaguliwa iliwaumiza kuliko matukio yenyewe ya kubaguliwa. Nakubali nusu. Kuna tulionyimwa kazi kweli, mchana kweupe, na hofu yetu haikuzuka hewani. Lakini nusu nyingine ni kweli tupu: niliwahi kumficha rafiki yangu wa karibu miaka mingi, nikadhani namlinda yeye, kumbe tulikuwa tunakutana kila wiki ananijua nusu.

Nilivyomwambia nilitumia njia ya kifundi, labda itakufaa. Nilianza na la kufanya. Nikishikwa mbele yako, tazama saa. Ondoa vitu vigumu, weka kitu laini chini ya kichwa, mitikisiko ikipungua nigeuze ubavu. Usinikandamize, usinitie kitu chochote mdomoni, iwe kijiko au kidole. Ikipita dakika tano, au nikishikwa tena kabla sijapata fahamu, ita msaada wa dharura. Akaniuliza, "Basi?" Nikasema basi. Kisha nikamwambia lililo gumu zaidi, kwamba baada ya kuamka huwa najisikia hovyo hata siku mbili, na siku hizo sihitaji daktari, nahitaji mtu akae. Anakuja na gazeti lake. Anasoma, mimi nimelala. Hatuzungumzi sana.

Vikundi vya wenye kifafa navyo jaribu, ila chagua. Kimoja nilichowahi kuingia kilikuwa mashindano ya nani ameanguka vibaya zaidi, nilitoka na maumivu ya kichwa. Cha pili kilikuwa na mtu mmoja mwenye busara ya kuuliza, "Mbali na kifafa, unafanya nini?" Hapo nilikaa.

---

FundiSindano alijibu:

Nimechelewa kurudi, samahanini.

Nilimwambia dada usiku ule. Nilitumia maneno ya MamaWatatu karibu yalivyo. Alinyamaza, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: miaka yote hii ameogopa kunizungumzisha mambo mazito kwa sababu aliamini nikiumia moyo nitaanguka. Aliambiwa hivyo akiwa mdogo, "usimuudhi kaka yako", na hakuna aliyekuja kumwambia vinginevyo. Kwa hiyo hata alipokuwa na shida zake na shemeji, hakunieleza. Mimi nilidhani hanioni kama mtu wa kuelezwa.

Kliniki wamenisogezea tarehe, nakwenda keshokutwa, na dada anakuja. Nimeandika tarehe za dawa na za uzito kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma.

ZamuYaUsiku, mawili kabla sijaenda. Dada amekosea au kuna ukweli? Na daktari akitaka kunipa dawa ya sonona, haitanirudisha kwenye kuanguka?

---

ZamuYaUsiku alijibu:

Nimefurahi kusikia, na mpe dada salamu zangu.

Kuna ukweli kidogo. Msongo mkubwa na hasa kukosa usingizi huweza kuchochea kifafa kwa baadhi ya watu. Lakini mazungumzo mazito si sumu, na kuamka saa kumi kila alfajiri kwa sababu umemeza maneno kunakunyima usingizi kuliko maongezi ya nusu saa. Muulize daktari hilo dada akiwepo, alisikie mwenyewe.

La pili: dawa nyingi za sonona zinazotumika siku hizi, mfano sertralini, hutumiwa na wenye kifafa bila shida, wakianzishwa kwa kipimo kidogo. Chache huepukwa, bupropioni ikiwemo, kwa sababu inaweza kuchochea mishtuko ya kifafa. Kwa hiyo mtu yeyote akikuandikia dawa, hata kama ni ya mafua, taja kifafa na levetirasetamu kabla hajashika kalamu. Huwa pia kuna tiba ya mazungumzo na mwanasaikolojia, peke yake au pamoja na vidonge. Uliza kama kliniki yenu inaye au inakuelekeza kwa nani.

Ulichoandika kuhusu alfajiri, kiandike nacho kwenye huo ukurasa. Ukishindwa kukisema, mpe daktari daftari asome.

---

FundiSindano alijibu:

Nimeandika. Nitampa dada alishike, yeye hatalisahau kwenye gari.